Hizo hasira ni njaa, mwanangu

*Shikamoo shangazi. Mimi ni mvulana wa miaka 16, nipo kidato cha pili. Tangu wenzangu waanze kuniita Bonge nimeacha chai ya asubuhi, mchana sili, usiku ugali wangu nampa mdogo wangu. Nimepungua, ila kwenye kioo naona tumbo lile lile. Silali, nasikia baridi, juzi nimemjibu mama vibaya hadi akalia. Cha ajabu, usiku natazama video za mapishi tu. Nimerukwa na akili? Bonge wa Temeke.*

Marahaba mwanangu. Hujarukwa na akili, una njaa.

Hizo video ndizo zilizonishtua. Mwaka 1945 huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea, vijana wenye afya zao. Kwa miezi sita walikula kama nusu ya walichozoea. Wakawa wakali, wakajaa huzuni, wakalalamikia baridi, na baadhi yao wakaanza kukusanya vitabu vya mapishi! Nao walikuwa watu wazima. Wewe bado unarefuka.

Kwa hiyo ule ukali kwa mama sio tabia yako mpya. Na kioo usikisubiri kikwambie imetosha, maana akili yenye njaa huona tumbo hata pasipo na tumbo. Watu hudhani haya ya kujinyima chakula ni ya wasichana, ndiyo maana mvulana akikonda anasifiwa kwamba anafanya mazoezi.

Mwonyeshe mama barua hii, hata kama maneno ya kuomba radhi hayatoki. Kisha mwende hospitali, wapime uzito, presha na mapigo ya moyo. Huko sema wazi: "Nimekuwa nikijinyima chakula." Ukisema kizunguzungu tu, watakupima malaria na kukurudisha nyumbani. Leo anza na uji, kesho chai na kiazi, kidogo kidogo mara nyingi. Usijishindilie sahani nzima kwa mkupuo, mwili uliokaa na njaa muda mrefu unaweza kudhurika. Ukizimia, kifua kikikubana, au ukiwaza kufa, mwambie mama saa hiyo hiyo, mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Wanaokutania, mama amwone mwalimu wa darasa.

Barua ijayo tumia jina lingine. Hilo la Bonge silipendi.