Waulize Wajuzi: Ulinzi shirikishi usiogeuka balaa

SWALI: Vijana wenye mapanga wamevamia mtaa wetu mara mbili mwezi huu. Mwenyekiti anataka kila kaya ichange shilingi 2,000 tuanzishe ulinzi shirikishi. Kikundi cha kwanza kilikufa: pesa hazikuonekana, na walinzi walimpiga kijana wa watu hadi akalazwa. Safari hii tufanyeje?
Mama Asha, Dar es Salaam

JIBU: Mama Asha, anzeni na majina kabla ya filimbi na tochi. Kila jina lisomwe kwenye mkutano wa mtaa, mwenye pingamizi aseme. Orodha iende kwa polisi kata ili awachuje, awafundishe ukamataji, na kituo kiwatambue. Kikundi kisichotambulika kikikutana na doria ya polisi usiku wa manane, nacho kitadhaniwa ni panya road, yaani genge la vijana wenye mapanga.

Pesa ndiyo huua vikundi vingi. Pigeni hesabu: kaya 150 zikichanga zote, ni shilingi 300,000. Walinzi wanane wakigawana, kila mmoja 37,500 kwa mwezi mzima wa kukesha. Huyo hatachelewa kumdai mpita njia pesa ya soda. Ni heri zamu: watu 42, sita kila usiku, kila mtu analinda mara moja kwa wiki, na michango inunue betri, makoti ya mvua na vocha. Risiti ziwe na namba, mweka hazina asiwe mwenyekiti, na matumizi yabandikwe ofisi ya mtaa kila mwezi.

Kuhusu kipigo, hapa hatuna msamaha. Raia anaweza kumkamata anayetenda kosa mbele yake, lakini lazima amfikishe polisi bila kuchelewa. Kumpiga aliyekwisha kudhibitiwa ni jinai, na akifa ni kesi ya mauaji. Kesi nyingi pia huharibikia hapo hapo mtaani: panga linapita mikono mitano, halafu mahakamani hakuna anayeweza kusema lilitoka wapi. Aliyelikamata alipeleke mwenyewe kituoni. Daftari la lindo liandikwe saa, mahali, nani kakamata, kakamata nini, na askari gani kapokea. Na shahidi akiitwa mahakamani, aende. Asipoonekana, mtuhumiwa hurudi mtaani akijua nani alimtaja.

SWALI: Mwanangu wa miaka 15 analala nje na karudi na simu tatu. Nikisema, si watamchoma moto?
Mzazi, Dar es Salaam

JIBU: Usimpeleke kwa walinzi wa mtaa, wala usilitamke jambo hili mkutanoni. Nenda naye dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, pamoja na afisa ustawi wa jamii wa kata, na simu zote tatu uzikabidhi. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 bado ni mtoto, na kesi yake husikilizwa faragha katika mahakama ya watoto. Fanya hivyo leo, kabla hajatoka tena usiku.