Nusu tanki, nusu mwendo (jibu kwa mdau anayeanza kuendesha tanki la petroli wiki ijayo)

Mkuu, hiyo sentensi yako ya tatu ndiyo imenitoa usingizini: "Bosi kasema safari za mwanzo atanipa nusu tanki ili nizoee, maana nusu mzigo ni nusu hatari." Mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2017, neno kwa neno, na msimamizi wa magari ambaye tangu azaliwe hajawahi kuendesha kitu kikubwa kuliko pikapu. Sijui hawa watu wanafundishwa shule moja.

Unasema umevuta saruji miaka sita, Dar hadi Tunduma, bila hata mkwaruzo. Hongera, lakini hiyo ndiyo inanipa wasiwasi zaidi. Saruji ukishaifunga turubai imelala, ukikata kona inakata na wewe. Mafuta hayalali. Ukikata kona kulia, yenyewe yanataka kuendelea na safari yao ya zamani. Na mimi pia nilikuwa na miaka yangu saba ya kuvuta semi, lori lenye tela, kwa hiyo sikuuliza swali hata moja. Niliona aibu kuuliza kama mwanafunzi.

Tanki lenyewe lilikuwa la mafuta ya kula, lita 30,000. Nilitoka Dar limejaa, Mikese mizani nikapita bila maneno, nikasema kumbe hizi kazi ni rahisi hivi. Na kweli likijaa halina neno kubwa, maana juu inabaki nafasi ndogo tu ya mafuta kutanuka yakipata joto. Hayana pa kukimbilia. Morogoro, upande wa Nanenane, mteja akashusha nusu yake. Zikabaki lita elfu kumi na tano za kwenda Dodoma. Nikampigia msimamizi. Akaniambia, "Sasa umebaki mwepesi, kimbiza, mteja wa Dodoma anafunga saa mbili." Ndipo akatupia na hiyo methali yake ya nusu mzigo.

Hebu piga hesabu. Lita elfu kumi na tano za mafuta ya kula ni karibu tani 14. Tani 14 zinazotembea, ndani ya bomba refu, na juu yake uwazi wa kutosha kucheza ngoma. Umewahi kumwona mama akitoka kisimani na ndoo kichwani, juu ya maji kaweka jani au kisahani? Siyo urembo ule. Jani linazuia maji yasirukeruke. Matanki mengi ya petroli yana jani lake: yamegawanywa chemba, yaani vyumba, na nyingine zina kuta zenye matundu ndani ya kuvunja wimbi. Langu lilikuwa bomba moja tupu toka mbele hadi nyuma, kwa sababu tanki la chakula linatakiwa lioshwe kote lisibaki na kona za uchafu. Hilo nililijua baada ya ajali. Aliyenieleza ni fundi wa kuchomelea, siyo mwajiri.

Nikafika kiplefti ya Msamvu kama saa kumi jioni. Kutoka Dar ukienda Dodoma unaizunguka karibu yote: unaingia kwa kushoto, unazunguka kulia muda mrefu, halafu unatoka kwa kushoto tena. Kwa semi ya saruji nimeizunguka mara ngapi sijui, kwa mwendo ule ule. Nilipoingia, mafuta yakaenda kulia. Nilipoanza kuzunguka, yakarudi kushoto yote kwa pamoja. Niliyasikia kabla sijayahisi: kishindo kizito nyuma ya kiti, kama mtu kaangusha gunia la mahindi sakafuni. Wakati huohuo bajaji ikanichomekea mbele, na mimi nikafanya kile ambacho miaka saba ya saruji ilinizoesha. Nikakanyaga breki katikati ya kona.

Usukani ukawa mwepesi kama wa kuchezea mtoto. Nikatupa jicho kioo cha kulia, nikaona tairi za tela zinazunguka hewani, taratibu kabisa, hazina haraka. Halafu barabara ikaja upande wa dirisha la tandiboi, msaidizi wangu.

Mimi nilibaki nikining'inia kwenye mkanda kama popo. Tandiboi wangu alikuwa upande wa chini, mfupa wa bega ukavunjika. Mpaka leo tukikutana Chalinze kikombe cha chai anakishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto hauvuki kifua. Na hanilaumu, ndiyo kinachoniumiza.

Sasa sikiliza sehemu ya kuchekesha. Traka, kile kifaa kinachorekodi mwendo wa gari, ilisoma kilomita 38 kwa saa. Thelathini na nane! Bodaboda zinanipita. Lakini ripoti ya msimamizi iliandikwa "dereva alikuwa mwendo kasi". Ile simu ya "kimbiza" haimo kwenye ripoti. Methali haimo. Kazi ikaishia hapo, mshahara wa mwezi ule ukaenda kwenye "hasara", na kesi ya uzembe barabarani nikaibeba peke yangu. Yeye nasikia alipandishwa cheo. Mwache, siku akikodi boza la maji ya kujengea nyumba yake atanikumbuka.

Morogoro walikaanga chipsi bure wiki nzima. Watu walikuja na ndoo, masufuria, kuna mzee alikuja na kofia ya pikipiki. Nilikuwa naisimulia hadithi hii vijiweni kwa kicheko mpaka tarehe 10 Agosti 2019, pale pale Msamvu, tanki la petroli lilipoanguka, watu wakaja na madumu, moto ukawaka. Walikufa zaidi ya 100. Nilikuwa Makambako nakula, redio ikataja Msamvu, nikaacha sahani. Tofauti ya mimi na dereva yule ilikuwa aina ya mafuta tu. Kwa hiyo ukianguka na la petroli, usikimbilie kutafuta simu yako iliyodondoka. Zima kila kitu, toka, fukuza watu kwa matusi kama inabidi. Watakuita mchoyo. Waite wakuite.

Sasa kanuni yangu ni moja tu na nimeilipia: NUSU TANKI, NUSU MWENDO. Kona uliyozoea kuingia na 40, ingia na 20. Breki umalize kabla ya kona, ukiwa bado umenyooka, ndani ya kona mguu uwe umetulia. Atakayepiga honi nyuma apige. Kibao cha mwendo kwenye kona usikifanye lengo, aliyekichora hakuwa na mafuta yanayotembea mgongoni.

Na kwenye kusimama ni hivyo hivyo. Ukisimama kwenye taa, gari limesimama lakini mafuta bado yanakuja. Sekunde moja, mbili, halafu yanakusukuma kwa nyuma kama ng'ombe. Usiachie breki upesi, subiri yaende na yarudi. Barabara ikiwa na utelezi yanaweza kukutoa hadi katikati ya makutano, na wewe breki umekanyaga mpaka mwisho. Kwa hiyo anza kupunguza mbali, gia kwa gia.

Lako la petroli litakuwa na chemba, usije ukasema mambo ya huyu jamaa ni ya bomba moja. Chemba ikijaa sawa, ikiwa tupu sawa, tabu ni ile iliyobaki nusu. Ukishusha, maliza chemba nzima, usiwaachie wateja wakugawanyie kila chemba kidogo kidogo. Na usimalize za mbele ukaacha za nyuma zimejaa, kichwa cha lori kitakosa uzito kwenye tairi za kuvuta. Kabla hujawasha gari, uliza kila chemba ina lita ngapi, uandike kwenye mkono kwa kalamu kama huna karatasi. Bosi akisema "nusu tu", mwambie akupe tanki zima au tupu, ya nusu aendeshe yeye.

Uliuliza na kushusha petroli kituoni: waya wa ethi (wa kupeleka umeme tuli ardhini) kwanza, mpira baadaye, simu iache kwenye kebini. Kozi waulize NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji.

Unaondoka Jumatatu au Jumanne? Na hiyo nusu unashusha wapi? Kama ni Morogoro, nitumie PM, ujumbe wa faragha, kabla hujafika Msamvu.