GPA ya 2.6, na Baba Hajui

*Shangazi, nimemaliza mwaka wa kwanza wa uhandisi wa ujenzi hapa Dar es Salaam. Nilipata sapu (mtihani wa marudio) ya hesabu, nikaivuka kwa C, na GPA ya mwaka, yaani wastani wa alama zangu kwenye kipimo cha 5.0, imesimama 2.6. Binamu yangu aliyesoma Uingereza ananiambia nisihangaike, mwaka wa kwanza hauhesabiwi. Baba ni fundi mwashi, na mtaani wameshaanza kumwita Baba Injinia. Nimemwambia matokeo hayajatoka. Je, nimeshaharibu?*

Mwanangu, binamu yako hakudanganya, ila amekuelekeza njia za mji mwingine. Uingereza, vyuo vingi hutaka mwaka wa kwanza uufaulu tu, kisha daraja la shahada hupimwa kwa miaka inayofuata. Kwetu GPA hujumlishwa tangu muhula wa kwanza. Hiyo 2.6 utatembea nayo mpaka mahafali.

Basi tupige hesabu, tuchukulie miaka yako minne ina uzito sawa. Daraja la kwanza linaanzia 4.4. Kulifikia, miaka mitatu iliyobaki upate 5.0, yaani A tupu kila somo. Mlango huo uhesabu umefungwa. Lia kidogo, yaishe. Daraja la pili la juu linaanzia 3.5, nalo linakudai wastani wa 3.8 kuanzia sasa. Ni kazi, lakini wapo wanaoifanya.

GPA itaulizwa wapi? Ukitaka kubaki chuoni ufundishe, au ukiomba ufadhili wa shahada ya uzamili, wataitazama mapema sana. Ajira ya uhandisi serikalini mara nyingi hudai shahada na usajili wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, halafu mnaingia mtihani wa mchujo, wa 4.5 na wa 2.9 chumba kimoja.

Mimi kinachonitisha ni ile C ya sapu. Imekuvusha, haijakufundisha. Hesabu hizo utazikuta tena mwaka wa pili, kwenye boriti inayopinda chini ya mzigo na maji yanayopita ndani ya bomba, na mhadhiri hatarudi nyuma kukungoja. Likizo hii tafuta pepa za zamani, anza na mada zilizokuangusha. Soma na wenzako wawili, mmoja awe anakuzidi (aibu weka pembeni).

Kuhusu baba, hapo sikuelewi. Fundi mwashi ameshabomoa kozi ngapi za tofali kwa sababu timazi imekataa? Kazi iliyoharibika si ngeni kwake. Mwambie wewe mwenyewe jioni, akishaoga na kunywa chai, kabla hajauliza tena. Ukimaliza, omba mwende wote saiti wikiendi. Kuna siku utasimamia mafundi kama yeye, na mhandisi ambaye hajawahi kushika mwiko wanamjua asubuhi ileile.