Wasiwasi wa kila mtu na wasiwasi unaorudi

Mama mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ametuandikia hivi: «Mtoto wa dada yangu ana miaka 19. Akifunga mlango kwa kufuli anashuka ngazi, anapanda tena kuangalia, anashuka, anapanda. Mikono ameinawa hadi ngozi imepasuka. Daktari ameandika herufi tatu kwenye karatasi: TOC. Nyumbani nikasema ni wasiwasi. Shemeji akanipinga, ati wasiwasi kila mtu anao. Je, Kiswahili hakina jina la ugonjwa huu?»

Mama, TOC ni kifupi cha Kifaransa, trouble obsessionnel compulsif: ugonjwa wa wazo lisilomwacha mtu na kitendo anacholazimika kukirudia. Jina lake tunalo na umelitaja mwenyewe. Lakini shemeji naye ana hoja yake, na hiyo ndiyo inayofanya swali hili liwe gumu.

Wasiwasi limetoka katika Kiarabu, waswas. Litamke polepole usikie mlio wake: was-was. Waarabu waliita hivyo sauti ya chinichini, mnong'ono, hata mlio mwembamba wa mapambo ya mwanamke anapotembea. Katika sura ya mwisho ya Kurani, An-Nas, watu hujikinga kwa Mungu dhidi ya huyo mwenye kunong'ona vifuani mwao kisha akajificha. Basi neno hili tangu asili linataja sauti ndogo inayokuja, unaifukuza, inarudi. Hadi leo Waislamu hulitumia kwa mtu anayetawadha, akamaliza, akashuku kwamba kiwiko hakikupata maji, akaanza upya, na sala ikampita. Msomi Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, na wasiwasi akauweka kati ya taabu za nafsi zinazohitaji kutibiwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba ugonjwa huu uligunduliwa Ulaya, wazungu wakatuletea pamoja na jina lake, anakosea kwa karne nyingi.

Sasa hoja ya shemeji. Neno likisemwa sana linapoteza uzito. Dereva wa pikipiki pale Nyawera anakwambia, «Usikuwe na wasiwasi, mama, tutafika.» Anamaanisha usihofu, basi. Ndivyo wasiwasi ulivyogeuka kuwa hofu ya aina yoyote: ya mtihani, ya deni, ya mgonjwa aliyelazwa. Na waganga wa akili wenyewe wanatenganisha mambo haya mawili. Mwaka 2013 mwongozo wao mkubwa wa Marekani uliuondoa ugonjwa wa mtoto wenu kwenye kundi la magonjwa ya hofu, ukaupa sehemu yake peke yake kitabuni.

Inasaidia kujua kwamba Wazungu nao walihangaika na maneno. Kwao jambo hili lilikaa muda mrefu kanisani kabla ya kufika hospitali. Wengi wetu tunamjua Ignasi wa Loyola, mtakatifu aliyeanzisha shirika la Wayezuiti, kwa sababu ya Wayezuiti wa Koleji Alfajiri, shule ya hapa Bukavu. Mwaka 1522, akiwa Manresa huko Hispania, aliteswa na dhambi alizokwisha kuziungama: anaungama, anatoka, anaona hakusema yote, anarudi. Baadaye alitoa mfano ambao sijaona ulio wazi kuuzidi. Mtu anakanyaga vijiti viwili vya majani makavu vilivyolala kwa umbo la msalaba. Anajua hakutenda dhambi. Hata hivyo wazo linamjia kama kutoka nje kwamba ametenda, naye anabaki kati ya kushuku na kutoshuku. Kilatini kiliita hali hiyo scrupulus, kijiwe chenye ncha, kama kile kinachoingia kiatuni: ni kidogo, lakini hatua haiendi.

Mwaka 1877 Mjerumani Carl Westphal alitumia neno lenye maana ya «wazo linalolazimisha». Husimuliwa kwamba Waingereza walilitafsiri kwa upande wa wazo linalozingira, Wamarekani kwa upande wa kitendo kinacholazimisha, na mwishowe pande mbili zikaunganishwa. Ndiyo maana Kifaransa cha daktari wako kina maneno mawili baada ya trouble: obsessionnel na compulsif.

Sisi tuna la kwanza tayari: wasiwasi. La pili ndilo linalotaka uangalifu. Usiseme «ugonjwa wa kunawanawa». Kiswahili kikirudufu kitenzi, mara nyingi kinapunguza nguvu yake: anayesomasoma anapitisha macho tu, anayelimalima hajali shamba. Msikilizaji atadhani kijana ananawa ovyo, na sisi tunataka kusema kinyume. Kurudiarudia ni salama, maana wazo la kurudi limo katika kitenzi chenyewe. Mitaani kwetu hata kurudilia litaeleweka. Usiseme «anajilazimisha», kwa kuwa hiyo ji- inamfanya yeye ndiye mtenda. Sema analazimika: kiambishi -ka kinaonyesha jambo limempata bila kumtaja mwenye kulifanya. Na wazimu liache kabisa. Ni kweli mwaka 1875 daktari Mfaransa Legrand du Saulle aliuita «wazimu wa shaka», lakini kijana wenu anajua vizuri kwamba kufuli limefungwa. Kujua huko ndiko kunakomchosha.

Kwa hiyo mimi naandika ugonjwa wa wasiwasi na kurudiarudia. Ni jina refu, sikatai. Nikikaa na watu wanaojua habari yenyewe nasema ugonjwa wa wasiwasi, na neno ugonjwa linatosha kuutenga na ule wa dereva wa Nyawera.

Limebaki jambo moja ambalo hukuuliza, mama, lakini naliona ndani ya barua yako. Ukimkuta tena kwenye ngazi, usimwambie «acha wasiwasi». Hapo wasiwasi unakuwa kitu anachokishika kwa hiari na anaweza kukitupa. Muulize, «Wasiwasi umekuja tena?» Katika sentensi hiyo wasiwasi ndio unaotenda, yeye ndiye unayemjia, naye ataweza kukujibu bila kuona haya.