Mpanda ni Jimbo la Magharibi, Tabora, Rukwa au Katavi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Tunaandaa kijitabu cha ukoo, nami nimepewa kuandika wasifu wa babu. Alizaliwa Mpanda mwaka 1938, akaoa hukohuko 1965, na mtoto wake wa mwisho alizaliwa 1976. Kaka anataka kote tuandike Mkoa wa Katavi. Mjomba anasema ni Rukwa. Karatasi ya shule ya babu ya mwaka 1950 inasema Jimbo la Magharibi. Tufuate ipi? Halafu, jimbo si la mbunge?

JIBU: Marahaba. Kila mmoja wao ana mwaka wake ambao jibu lake ni sahihi. Kosa ni kulilazimisha jina moja libebe miaka yote. Mpanda ni ileile, ila imepita katika mamlaka nne: Jimbo la Magharibi wakati wa Waingereza, makao yake makuu yakiwa Tabora; Mkoa wa Tabora baada ya uhuru, majimbo makubwa yalipovunjwa kuwa mikoa; Mkoa wa Rukwa kuanzia 1974; na Mkoa wa Katavi kuanzia 2012. Kwa hiyo babu alizaliwa Jimbo la Magharibi, akaoa Mkoa wa Tabora, na kitindamimba wake ni wa Mkoa wa Rukwa. Katavi haipo katika wasifu huo hadi miaka ya karibuni.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: andika jina la wakati wa tukio, kisha jina la leo uliweke kwenye mabano mara moja tu, pale mwanzo. Mfano: "Alizaliwa Mpanda, Jimbo la Magharibi (leo Mkoa wa Katavi)." Baada ya hapo usirudie mabano, yatamchosha msomaji. Na unaponakili hati ya zamani, nakili neno kama lilivyo. Ukibadili "jimbo" kuwa "mkoa" ndani ya hati ya 1950, atakayekuja kuitafuta katika nyaraka za kale hataipata.

Kuhusu jimbo, upo sawa kwa Tanzania ya leo: katika siasa, jimbo ni eneo la uchaguzi la mbunge. Wakatoliki nao wanalo lao, ndiyo maana tunasikia Jimbo Kuu la Dar es Salaam, chini ya askofu mkuu. Lakini katika maandishi ya kabla ya uhuru, jimbo ni ngazi ya utawala yenye wilaya kadhaa ndani yake, chini ya Mkuu wa Jimbo. Tazama mwaka kwanza, ndipo uamue maana.

Mtego ulio mbaya zaidi ni neno kanda. Watu wengi huandika kwamba bibi yao alizaliwa "Kanda ya Ziwa mwaka 1955". Wakati huo palikuwa na Jimbo la Ziwa, lenye makao Mwanza. Kanda ya Ziwa tunayoitaja sasa ni jina la kukusanya mikoa jirani kama Mwanza, Mara, Kagera na Geita. Si ngazi ya utawala kati ya mkoa na taifa. Nyanda za Juu Kusini vilevile: zamani jimbo, leo kanda. Na msichanganye Jimbo la Ziwa na Mkoa wa Ziwa Magharibi, ambao mwaka 1979, baada ya vita na Uganda, ulipewa jina la Kagera.

Mkiwa na ndugu Kenya, kamusi inabadilika. Huko mkoa ndio uliokuwa ngazi kubwa, na mikoa ilikuwa minane, hadi Katiba ya 2010 ilipoleta kaunti 47, zilizoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Aliyezaliwa Kitale mwaka 1980 alizaliwa Mkoa wa Bonde la Ufa (leo Kaunti ya Trans Nzoia). Vyombo vya habari vya huko huiita kaunti pia gatuzi. Eneo la mbunge ni eneobunge, na neno majimbo humkumbusha Mkenya mfumo wa utawala wa 1963 uliofutwa mwaka uliofuata. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo jimbo bado ni ngazi ya utawala: mwaka 2015 majimbo 11, tukihesabu na jiji la Kinshasa, yaliongezwa yakawa 26.

Chagueni vitenzi kwa makini pia, maana ndivyo vinavyosimulia mabadiliko yenyewe. Mkoa humegwa pale sehemu inapotoka na mkoa mama ukabaki na jina lake: Njombe ilimegwa kutoka Iringa, Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016, na Iringa na Mbeya zipo. Hugawanywa pale wote unapokatwa vipande. Katanga ya Kongo iligawanywa kuwa majimbo manne, na hakuna jimbo lililobaki likiitwa Katanga tu. Kagera ilibadilishwa jina, basi. Mtu akiandika "Kagera iliundwa mwaka 1979", msomaji ataanza kutafuta imemegwa wapi.

Upatanisho: "Mkoa wa Katavi ulianzishwa", kwa sababu mkoa ndio kiima, yaani neno ambalo kitenzi hulifuata; lakini "Katavi ilianzishwa", jina la mahali likisimama peke yake. Andikeni "katika Mkoa wa Rukwa" au "mkoani Rukwa". "Katika mkoani Rukwa" ni kosa, kwa kuwa -ni tayari imeshafanya kazi ya katika. Herufi kubwa iwekwe kwenye jina kamili, Mkoa wa Rukwa. Mkiandika "mkoa huo" au "mkoani humo", ndogo inatosha.