Je, ni dhambi kutaka ushahidi wa ufufuo?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nafanya kazi maabara ya hospitali. Mwenzangu kazini kaniuliza nina ushahidi gani kwamba Yesu alifufuka, maana sisi kila siku tunawaambia wagonjwa wasikisie, wapime. Nilikosa jibu. Nilipompelekea mzee wa kanisa swali lile, alinikemea: imani ni kuamini bila kuona, anayetaka ushahidi ni Tomaso. Tangu hapo nasali moyo ukinishitaki. Je, nimekosa?

JIBU: Amina, dada yangu. Hujakosa. Mzee wenu namheshimu, ila kesi ya Tomaso kaisoma nusu.

Fungua Yohana 20. Tomaso hakuwapo wenzake walipomwona Bwana, akasema asipotia kidole mahali pa misumari hasadiki kamwe. Baada ya siku nane Yesu akaja, akamwambia alete kidole chake. Alichokiomba akapewa. Na ungamo zito kuliko yote katika Injili hiyo, "Bwana wangu na Mungu wangu", limetoka kinywani mwa huyu huyu ambaye jina lake tumeligeuza tusi. Wale kumi nao tusiwapambe: Luka 24 inasema wanawake walipoleta habari kutoka kaburini, mitume waliyaona maneno yao kama upuzi. Wao pia walisadiki baada ya kuonyeshwa.

Kosa la Tomaso lilikuwa wapi basi? Nionavyo mimi, alikataa ushahidi uliokuwa tayari mbele yake: wenzake aliokula na kutembea nao, wote wakisema jambo moja. Na yale maneno "wa heri wale wasioona, wakasadiki" hayawasifu wasiouliza. Shuka mistari miwili: "hizi zimeandikwa ili mpate kuamini". Sisi tusioona tumeachiwa ushuhuda wa walioona. Hata Waebrania 11:1, anaoupenda mzee wenu, unasema imani ni "bayana ya mambo yasiyoonekana". Bayana, dada. Neno hilo tumelitoa kwenye Kiarabu, na huko ndilo la ushahidi unaopelekwa mbele ya kadhi.

Sasa tumrudie mwenzako. Swali lake ni la haki, ila kachanganya aina mbili za ushahidi. Damu ukiitilia shaka leo, unachukua nyingine kesho na kupima tena. Jambo lililotukia mara moja halipimwi hivyo, bali huulizwa kwa mashahidi. Tarehe yako ya kuzaliwa hukuiona kwenye darubini. Uliambiwa na mama, na kadi ya kliniki ikamuunga mkono. Yeye mwenyewe anaamini hivyo hivyo kwamba yule anayemwita baba ni baba yake, na sidhani kama amewahi kudai kipimo.

Mashahidi wetu ni akina nani? Anza na 1 Wakorintho 15, barua iliyoandikwa yapata mwaka 55, miaka ishirini na kitu baada ya msalaba. Paulo anawataja Kefa, yaani Petro, na Yakobo, na pia ndugu zaidi ya 500, na kuongeza kwamba wengi wao wangali hai. Anayetunga uongo hawaambii watu kwamba mashahidi wapo na wanaweza kuulizwa. Halafu wale wanawake. Zama zile neno la mwanamke lilikuwa na uzito mdogo mbele ya baraza. Mtu anayebuni hadithi angeanza na wanaume wenye vyeo. Injili zote nne zinamtaja Maria Magdalene kaburini asubuhi ile, kwa sababu, naamini, ndivyo ilivyokuwa.

Nje ya Biblia, Tacitus, Mroma aliyewadharau Wakristo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Mwaka 1961 huko Kaisaria likapatikana jiwe lenye jina la Pilato huyo. Jiwe halifufui mtu, nisikudanganye. Linaonyesha tu kwamba watu wanaotajwa katika habari hii ni wa kweli. Na hizo video zinazozunguka kwenye simu, eti magurudumu ya magari ya Farao yameonekana chini ya Bahari ya Shamu, usimtumie mwenzako. Hakuna aliyeyathibitisha, na akigundua hivyo hatakusikiliza tena hata ukisema la kweli.

Usimwahidi pia kwamba ushahidi utamaliza kila kitu. Mathayo 28:17 inasema walipomwona walimsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka". Wakiwa wamesimama mbele yake! Ushahidi unakuonyesha kwamba huyu ni wa kuaminika. Kumkabidhi maisha yako ni hatua nyingine, na hiyo Roho Mtakatifu ndiye humsaidia mtu kuipiga. Imani na amana zina shina moja. Amana humpi usiyemjua, lakini hata unayemjua, siku ya kumpa lazima uiachie mkononi mwake.

Kinachonifanya niandike kwa urefu ni lile neno "usiulize". Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na watoto wamo. Yohana alituagiza tusiiamini kila roho, tuzijaribu. Utaijaribuje roho bila kuuliza?

Mzee wenu usibishane naye hadharani. Mwendee nyumbani, mwombe msome pamoja Matendo 17:11, pale Waberoya wanaposikia mahubiri ya Paulo, mtume mzima, na bado wanayachunguza Maandiko kila siku waone kama asemayo ni kweli. Muulize Biblia yetu imewaitaje watu hao. Imewaita waungwana.