Je, Kutafuta Tiba ya Kukosa Usingizi Ni Kukosa Tawakkul?

SWALI: Assalaam alaykum, shekhe. Mimi ni mjane, ninaishi Kondoa. Tangu mume wangu afariki, miezi minane sasa, usingizi haunijii ila kidogo karibu na alfajiri. Presha imepanda, na mchana ninasinzia gengeni hata chenji ninakosea. Ustadhi mmoja ameniambia kwamba kukesha huku ni neema, niswali usiku kucha, na kwamba kutumia dawa za hospitali ni kukosa tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumus salaam warahmatullah. Mama, Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu wako. Nimelitanguliza swali lako kwa sababu ushauri uliopewa unaweza kukudhuru, nao umevishwa vazi la dini.

Kutafuta tiba kunaruhusiwa, na kwa hali yako ninakuhimiza usichelewe.

Aliyekuambia kuwa maradhi haya ni neema ya ibada amechanganya mambo mawili. Tahajjud, yaani swala ya usiku, kwa wanazuoni wengi ni kuamka baada ya kulala, wewe hujalala. Mtume (s.a.w.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili, akaambiwa kuwa ni ya mkewe Zaynab, huishika anapochoka katika swala. Akaamuru ifunguliwe, na kila mtu aswali akiwa na nguvu, akichoka akae. Tena alimwamuru anayesinzia katika swala akalale, asije akakusudia kuomba maghufira kumbe anajiapiza. Basi ustadhi huyo anakufungia tena kamba ambayo Mtume aliifungua! Na hoja yake ya tawakkul inavunjwa na amri ya Mtume mwenyewe kwamba tujitibu, kwani Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa.

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi au zaidi. Kwa kawaida presha hushuka mtu anapolala, kwa hiyo asiyelala huunyima moyo wake nafuu hiyo kila usiku, na hali ikiendelea huongeza hatari ya kisukari na maradhi ya moyo, mbali na kusahau, hasira na ajali. Kukosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, madaktari hukuhesabu kuwa ni tatizo sugu. Wewe umeshapita hapo.

Nenda hospitali upimwe presha, na umweleze daktari majonzi yako bila kuficha, kwa maana tiba ya kwanza ya hali hii mara nyingi ni mazungumzo na kurekebisha mazoea ya kulala, wala si vidonge. Akikuandikia vidonge, vimeze kwa kipimo chake. Usinunue dukani kwa kuelekezwa na jirani, kwani baadhi yake huzoeleka mwilini. Ukipewa rufaa ya Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyopo Dodoma, nenda. Ninajua namna watu wa mkoa wetu wanavyolitaja jina hilo kwa dhihaka, lakini kufiwa na mume na kushindwa kulala si wazimu, wala si aibu.

Chai ya rangi na kahawa ziishie mchana, na uamke saa ileile kila siku. Swala za faradhi zinatosha kwa sasa. Ukiisikitikia swala ya usiku, Bi Aisha, mke wa Mtume, amesimulia kwamba Mtume alipoikosa kwa maumivu au jambo jingine, aliswali rakaa 12 mchana. Nawe swali mchana kadiri utakavyoweza, na usiku ulale.

Wallahu a'lam.